Sabuni ya mkono inaponzwa na haraka yetu

Tukikaa wafanyabiashara wa mipakani kuzungumza, lawama zetu zinajulikana: forodha, foleni ya malori, wabadilisha fedha, karatasi zisizoisha. Nyingi ni za kweli. Lakini ipo bidhaa moja ambayo ikikwama tunaulaumu mpaka bure. Bidhaa hiyo ni sabuni ya mkono, ile anayoitengeneza mama mwenye sufuria, mizani na kalibu za mbao, kisha ikapangwa kwenye katoni na kuvushwa Namanga, Mutukula, Manyovu au kwa boti za Ziwa Tanganyika.

Mzigo wa kwanza wa sabuni hiyo huuzika vizuri. Wa pili huleta manung'uniko. Wa tatu mwenye duka anaukataa, anarudi kwenye sabuni ya kiwandani na hataki tena kusikia habari za "asilia". Msimamo wangu ni kwamba mara nyingi mzigo huo umeuliwa na haraka. Tunaiondoa sabuni kwa mtengenezaji kabla haijakomaa, na anayemharakisha mtengenezaji ni mimi na wewe tunaonunua kwa jumla.

Wateja wanapenda nini

Tuanze na mteja, maana ndiye mwamuzi. Anayeipenda sabuni ya mkono atakuambia kwanza kwamba ngozi haimkakamai akishaoga. Hilo lina sababu. Mafuta yakikutana na kostiki soda huzaa vitu viwili: sabuni na gliserini. Viwanda vingi huitoa gliserini na kuiuza kwa matumizi mengine, yakiwemo vipodozi na dawa. Kwenye sabuni ya mkono gliserini inabaki humo humo, nayo ndiyo inayovuta unyevu kwenye ngozi. Mteja halijui jina lake, lakini anajua tofauti.

La pili ni kujua kilichomo na kilikotoka. Sabuni ya mawese na mise ya Kigoma ina watu wake. Warundi wa Rumonge na Wakongo wa upande wa Fizi nao wanayajua mawese toka utotoni, huwadanganyi. Unguja na Pemba kina mama wanatia mwani na karafuu, na wageni wa hotelini wanainunua kwa bei ambayo mche wa kufulia hauwezi kuiota. Kaskazini mwa Uganda wana siagi ya shea, ambayo huku pwani ni bidhaa adimu. Jumuiya yetu sasa ina nchi 8, na kila moja ina mafuta yake na majani yake. Mfanyabiashara mwenye akili anaona hapo nafasi ya kupeleka kisichopatikana upande wa pili.

La tatu ni povu, na hapa wengi tunateleza kwa kusahau maji. Sabuni ile ile inayotoa povu jingi kwa maji ya mvua itamkasirisha mteja mwenye kisima cha maji magumu. Chokaa na magnesi iliyomo kwenye maji hushikana na sabuni na kuacha utando mweupe kwenye beseni na kwenye nguo. Mteja hatalaumu kisima chake, atailaumu sabuni yako. Dawa mojawapo ni mafuta ya nazi. Sabuni yenye nazi nyingi hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana mabaharia waliitumia baharini. Kwa hiyo ukipeleka mzigo kwenye mji wenye visima vya chumvi, muulize mtengenezaji ametia nazi kiasi gani. Ukipeleka kwa mama anayefua kwa karai na maji ya ziwa, yeye anataka mche mgumu wa mawese usioyeyuka, povu atalipata.

Wanachukia nini

Malalamiko ya sokoni ukiyakusanya ni matano: sabuni inachubua, inayeyuka na kuisha haraka, inanuka mafuta yaliyoharibika, inapungua uzito, na ya leo si kama ya jana. Kila moja lina chanzo chake, na mfanyabiashara anayekijua hawezi kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuchubua ni hesabu mbovu ya kostiki. Kila mafuta yana kiasi chake. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 142 za kostiki soda ili yote igeuke sabuni. Kilo ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183. Kilo ya alizeti ni gramu 135 hivi. Sasa fikiria mama aliyezoea nazi, mwezi huu nazi imepanda bei, akaona aitumie alizeti iliyopo lakini kostiki akaiacha ile ile. Kwenye kila kilo ya mafuta amebakiza karibu gramu 48 za kostiki isiyo na kazi. Hiyo ndiyo inayochoma mikono ya mteja wako wa upande wa pili. Akikosea kinyume chake, akatia kostiki ndogo kwenye nazi, anabaki na mafuta mengi yasiyogeuka. Sabuni itakuwa laini, itateleza, na baada ya muda itatoa madoa ya rangi ya machungwa na harufu mbaya.

Kwa hiyo lile la tano, kwamba ya leo si kama ya jana, mara nyingi ndiyo mzizi wa mengine. Bei ya mafuta inapanda na kushuka, mtengenezaji anabadilisha mafuta, anapimia kwa kikombe badala ya mizani. Swali la kwanza kwa mtengenezaji liwe hili: unapima kwa nini? Akikuonyesha mizani na daftari lenye tarehe, mafuta na kostiki ya kila mmimino, kaa uongee naye biashara. Akikuonyesha kikombe, mnunulie mizani kabla ya kununua sabuni.

Kuhusu kuyeyuka, gliserini ile ile inayosifiwa ndiyo inayovuta maji. Sabuni ya mkono ikilala kwenye kisahani chenye maji hugeuka uji. Mwenye duka lazima aambiwe, naye amwambie mteja, kwamba sabuni hii inawekwa mahali pakavu pa kuchuruza maji. Pwani kuna unyevu hewani hata bila maji ya bomba. Ukiifunga sabuni kwa nailoni isiyopitisha hewa Mombasa au Dar es Salaam, itatoa jasho ndani ya karatasi yake, na mteja ataidhania imeharibika.

Harufu na rangi nazo zina mambo yake. Limau na mchaichai hunukia siku za mwanzo kisha hufifia. Karafuu hudumu, ila huifanya sabuni igande ghafla kwenye sufuria kabla haijamiminwa vizuri, na ikizidi, kama mdalasini, huwasha ngozi. Kijani cha majani ya mwarobaini hugeuka kahawia. Mkaa ukizidi huacha alama kwenye taulo jeupe, na hapo hoteli haikuiti tena. Mteja mwenye mtoto mchanga hataki harufu kabisa. Usimpelekee kila mtu sabuni moja kwa kuwa wewe uliipenda rangi yake.

Kukomaa ndiko kunakosahaulika

Nije kwenye kiini. Sabuni inayomiminwa bila kupikwa hukatwa baada ya siku moja au mbili. Kwa macho inaonekana imekwisha. Ina umbo, ina rangi, inanukia. Lakini bado ina maji mengi, na kazi ya mafuta na kostiki inaendelea kumalizikia ndani. Kanuni ya mafundi ni kuiacha kwenye rafu yenye hewa kwa wiki 4 hadi 6. Ikikaa hivyo inakuwa ngumu, inakuwa pole kwa ngozi, inatoa povu zito, na haiishi upesi. Karibu kila anachokipenda mteja kinatoka kwenye wiki hizo, na mengi anayoyachukia yanatoka kwenye kuzikata.

Anayepika sabuni motoni hadi iive anaokoa muda, kwa sababu kostiki inamaliza kazi yake ndani ya sufuria. Hata hiyo lakini ina maji ya kukausha. Hakuna njia inayotoa sabuni ya kuuzwa jioni ya siku ile ile.

Wapo waliolijua hili zamani. Aleppo, nchini Syria, hutengenezwa sabuni ya mafuta ya zeituni na mafuta ya mti wa ghar. Hukatwa ikiwa kijani, kisha vipande hupangwa kama minara yenye nafasi za kupitisha hewa na kuachwa kwa miezi 6 hadi 9. Nje inageuka rangi ya dhahabu, ndani inabaki kijani. Mnunuzi anayeijua anaikata katikati, anaangalia, na anaujua umri wake. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni. Sabuni hiyo imevuka mipaka mingi kwa karne nyingi bila tangazo la redio. Chema chajiuza.

Sisi tunafanya nini? Tunapiga simu Jumatatu, tunataka vipande 500 Ijumaa, gari linaondoka Jumamosi. Mama anajua kabisa kwamba sabuni ya wiki hii haijakomaa, lakini ana rejesho la kikoba, ana ada ya mtoto, na anajua akikataa utakwenda kwa jirani yake. Anaifunga. Wewe unaivusha. Inamchubua mtu Bujumbura au Kisumu ambaye mama hatamwona kamwe, na wewe ndiye utakayeonwa.

Hesabu ya maji

Anayesema hana muda wa kusubiri afanye hesabu hii. Sabuni ikikaa wiki hizo 4 hadi 6 inaweza kupoteza sehemu ya kumi ya uzito wake au zaidi, kutegemea maji yaliyotiwa. Tuseme unanunua kilo 100 za sabuni mbichi kwa shilingi 3,000 kilo. Umelipa 300,000. Ukifika sokoni na kukaa mwezi, una kilo 90. Kilo 10 zilikuwa maji. Umeyanunua, umeyapakia, umeyalipia nauli ya boti au ya basi, kisha yamepanda hewani.

Sasa tuseme mtengenezaji amekukaushia na anataka 3,300 kwa kilo. Kilo zake 90 ni shilingi 297,000. Wengi hapa huguna wakasema mama amepandisha bei. Hajapandisha. Umelipa kidogo kuliko awali kwa sabuni ile ile, na nauli ya kilo 10 imebaki mfukoni.

Kuna na la sheria. Ukiandika gramu 100 kwenye karatasi ya sabuni mbichi, mwezi ujao mkaguzi wa vipimo akiiweka kwenye mizani atakuta 90. Yeye hatajua habari za kukauka. Atasema unapunja. Uzito uandikwe baada ya sabuni kukomaa.

Nani alipie kusubiri?

Najua pingamizi litakalokuja. Mtaji ni mdogo. Mama hawezi kuacha mafuta aliyoyanunua kwa mkopo yakae rafuni mwezi mzima. Mfanyabiashara naye anazungusha fedha kila wiki. Ni kweli, na mtu asiwaambie watengenezaji wavumilie huku watoto wao wamerudishwa nyumbani kwa ada.

Lakini kusubiri kunagawanyika. Chukua mfano wa mama anayemimina vipande 200 kila Jumatatu. Mkubaliane kwamba siku ya kumimina unamlipa theluthi moja, inayotosha kurudisha sehemu kubwa ya fedha ya mafuta. Theluthi mbili unazilipa siku ya kuchukua, wiki 4 baadaye. Mwezi wa kwanza ni mgumu, hakuna anayebisha. Kuanzia Jumatatu ya tano, kila wiki vipande 200 vilivyokomaa vinatoka na vingine 200 vinaingia. Fedha yako iliyolala ni theluthi nne, yaani bei ya mzigo mmoja na theluthi yake. Wangapi kati yetu wana zaidi ya hiyo kwenye madeni ya maduka yasiyolipa?

Makubaliano hayo yaandikwe, hata kwenye daftari la shule, na kila kalibu iwekwe tarehe. Kama mko watatu mnaonunua kijiji kimoja, changeni rafu. Kikundi cha akina mama kinaweza kuwa na chumba kimoja chenye hewa, kila mmoja na upande wake. Hayo hayahitaji mfadhili.

Kabla ya kuvuka

Mzigo ulio tayari unaujua kwa mambo machache. Bonyeza kwa dole gumba. Sabuni iliyokomaa haibonyei. Kata kipande kimoja kutoka katikati ya katoni, si cha juu ulichochaguliwa, uangalie ndani. Ndani kuwe kama nje, bila vifuko vya majimaji wala chembe nyeupe kama chumvi. Unga mwepesi juu tu si hatari, unafutika. Loweka kidogo, pima kwa karatasi ya kupimia asidi na alkali: sabuni ya kweli huwa kati ya 9 na 10 hivi, ikigusa 11 na kuendelea iache. Karatasi hizo ni bei ndogo kuliko katoni moja iliyorudishwa. Mwisho nawa mikono nayo mara mbili mbele ya aliyeitengeneza. Akikuzuia, umepata jibu.

Halafu kuna maneno ya kwenye karatasi. Tuache tabia ya kuandika kwamba sabuni inatibu chunusi, fangasi na ukurutu. Ukiandika inatibu, umeitoa meza ya sabuni na kuipeleka meza ya dawa, ambako utaulizwa vithibitisho usivyo navyo. Sabuni za kung'arisha ngozi ndizo hatari zaidi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki unapiga marufuku sabuni na vipodozi vya kung'arisha vilivyotiwa zebaki, na Rwanda inajulikana kwa kuwafuata hadi dukani wanaouza vipodozi vya namna hiyo. Katoni moja ya hizo ndani ya mzigo wako inaweza kukuchomea katoni zote.

Vifungashio navyo vina sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Karatasi ya kaki inapitisha hewa, inaisaidia sabuni isitoe jasho, na haikugombanishi na mtu getini.

Kwenye karatasi za biashara, Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wadogo. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja, hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani. Angalia orodha kabla ya kupakia. Na ukumbuke kwamba cheti hicho kinasema bidhaa imetoka wapi, hakisemi ni nzuri. Ubora una alama yake: TBS, KEBS, UNBS, RSB au BBN. Kwa sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006, alama ya nchi moja inapaswa kuheshimiwa nchi nyingine. Tanzania, mtengenezaji mdogo anaanzia SIDO kupata barua ya utambulisho ndipo aende TBS. Shirika la viwango haliwezi kumpa alama mtu ambaye sabuni yake inabadilika kila wiki. Hata hapo tunarudi kwenye daftari, mizani na rafu.

Serikali zetu zina deni lao. Wakaguzi bado wanapimana upya bidhaa zilizokwisha kupimwa, na mwanamke mwenye katoni tatu anasubiri muda ule ule na mwenye lori. Tuendelee kuwadai. Lakini siku geti litakapofunguliwa wazi kabisa, sabuni mbichi itakuwa bado mbichi, na mteja wa upande wa pili atakuwa bado na ngozi.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kupiga simu ya kuagiza, badili swali. Umezoea kuuliza: unazo ngapi? Uliza: ulimimina lini? Akikutajia tarehe ya juzi, mwachie theluthi yake, mwambie utarudi baada ya wiki 4, na urudi kweli.